Zamu hugeuka saa tatu usiku: niliyojifunza nikisimamia Freeciv ya timu kutoka Kisumu

Ukitaka kuanzisha mchezo wa timu wa mtandaoni hapa kwetu magharibi ya Kenya, swali la kwanza la kumuuliza kila anayejiandikisha ni hili: siku usipokuwepo, nani atakushikia nchi yako ya mchezoni? Mimi husimamia Freeciv ya zamu ndefu nikiwa Kisumu, na wachezaji wetu wametawanyika Luanda, Kakamega, Busia, Eldoret hadi Nakuru. Swali hilo hutangulia mengine yote. Asiye na jibu namwambia atafute mtu kwanza, na asipompata, asubiri mchezo ujao.

Kuna wanaoona huo ni ukali usio na sababu kwa jambo la kujifurahisha. Nawaelewa. Ila nimeshuhudia michezo ikifa, na karibu yote ilikufa kifo kimoja. Mtu mmoja ananyamaza. Wenzake wa timu wanamngoja, wanampigia, simu haipatikani. Miji yake inabaki wazi, jirani anaitwaa, timu inakata tamaa, na wale walioshinda nao hawaoni utamu wa kuwashinda watu wasiokuwepo. Baada ya wiki chache seva inageuza zamu na hakuna hata mmoja aliyeingia. Sijaona mchezo uliovunjika kwa sababu timu fulani ilichapwa vitani. Watu wakichapwa hurudi kulipiza, tena kwa hamu kuliko mwanzo.

Kwa asiyeijua, Freeciv ni mchezo wa kujenga dola. Unaanza na walowezi wachache mwaka 4000 kabla ya Kristo, unasimamisha miji, unalima, unavumbua, unafanya biashara na majirani, unapigana nao mkishindwana. Uliandikwa na wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, mwaka 1995, na toleo la kwanza likatoka Januari 1996. Walifuata mfano wa Civilization ya Sid Meier ya mwaka 1991. Ni programu huria: hulipii kitu, na kompyuta kuukuu inauendesha bila kulalamika, jambo kubwa sana kwetu ambako laptopu ya nyumbani mara nyingi imepitia mikono ya watu wawili watatu. Ramani na hesabu zote ziko kwenye seva, na kila mchezaji huunganisha kompyuta yake nayo.

Wengi huucheza kwa zamu za dakika chache, wote wakiwa mtandaoni kwa pamoja. Sisi tumechagua zamu ya siku nzima. Kwenye seva muda huandikwa kwa sekunde, 86,400, na ndani ya saa hizo 24 kila mtu anaingia wakati wake, anasogeza vikosi, anapanga ujenzi, anatoka. Mwenye duka wa Busia huingia alfajiri kabla ya kufungua. Mwalimu wa Luanda huingia wanafunzi wakiwa prepu. Aliyekua akiwatazama wazee wakicheza ajua, ule mchezo wa mbegu na mashimo, anajua raha ya kumwacha mwenzako afikirie huku nawe ukifikiria, na zamu ndefu inakupa raha hiyo kuanzia asubuhi hadi usiku.

Kuhusu saa ya kugeuza zamu tulijadiliana sana, na nashauri yeyote anayeanza asiharakishe hapo. Wachezaji walio mabara mbalimbali hupenda zamu ya saa 23 au 25, ili saa ya kugeuka izunguke na asiwepo mtu wa kubeba usiku wa manane siku zote. Sisi sote tunafuata majira ya Afrika Mashariki, kwa hiyo tulihitaji saa ile ile isiyobadilika. Saa kumi na mbili jioni ilikataliwa mara moja: nusu ya watu wako kwenye matatu. Tena jioni ndiyo saa ya mvua. Mvua ya Kakamega hupenda alasiri, na radi zake zinajulikana; stima ikienda saa kumi na moja, kuna matumaini ya kurudi kabla ya watu kulala. Saa tatu usiku watu wamekula, watoto wametulia, na aliyekosa stima jioni amepata nafasi. Imekaa hivyo tangu tuikubali.

Halafu kuna Jumamosi. Anayeishi magharibi hahitaji kuelezwa. Ijumaa mwili unatoka mochari, watu wanasafiri nao kwenda nyumbani, Jumamosi ni mazishi, Jumapili ni kurudi mjini umechoka na viatu vimejaa matope. Karibu kila wikendi kuna mmoja wetu aliyefiwa na jamaa, jirani au mfanyakazi mwenzake, na kumwambia mtu aliye matangani aingie asogeze wapanda farasi ni kukosa utu. Kwa hiyo zamu inayoanza Ijumaa saa tatu usiku tunaipa saa 48, na hakuna kinachogeuka mpaka Jumapili usiku. Kijana mmoja wa Nakuru alipinga mwanzoni, akisema mchezo utakuwa mrefu mno. Alipofiwa na babake mdogo, yeye ndiye aliyenipigia kunishukuru kwamba alirudi akakuta timu yake iko palepale alipoiacha.

Kalenda nzima ya mwaka tunaipanga kwa macho hayo. Machi na Aprili watu wako shambani kupanda. Novemba walimu wanasimamia KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kisha baadhi yao wanaenda kusahihisha. Desemba hata usijaribu. Sisi huanza Mei, palizi ya kwanza ikiwa imepita, na tunaomba Mungu tumalize kabla ya mitihani.

Upangaji wa timu ndio uliozua kelele nyingi kuliko yote. Wazo lililomjia kila mtu ni timu za miji: Kisumu, Kakamega, Nakuru, Eldoret. Utamu wake unauona hata kabla ya kuanza, maana hapa tumelelewa na klabu za soka za Gor Mahia na AFC Leopards, na pambano lao lenyewe linaitwa la mashemeji. Watu wa mji mmoja pia hukutana ana kwa ana, wanapanga mambo juu ya kikombe cha chai. Tulizicheza timu hizo, na utani ulikuwa mtamu kweli.

Lakini timu ya mji mmoja ina udhaifu usiouona kwenye ramani ya mchezo. Stima ikikatika Kakamega, timu nzima ya Kakamega inazimika pamoja. Kaimu, yaani anayekushikia nchi usipokuwepo, yuko gizani, aliyemkaimisha yuko gizani, na nahodha anatafuta mahali pa kuchaji simu. Siku hizi kila timu ina watu wa angalau miji mitatu, na sheria yetu ni kwamba kaimu wako asiwe wa mji wako. Mtu wa Luanda ana kaimu Eldoret, mtu wa Eldoret ana kaimu Busia. Nimepata kusikia wachezaji wakilalamika kwamba tumeua ushindani wa miji. Labda. Mimi ningechagua mchezo unaofika mwisho.

Jambo jingine lilikuja na mchanganyiko huo bila kupangwa. Timu za mji mmoja zilikuwa zikipanga vita kwa lugha ya nyumbani, huku Kijaluo, kule Kibukusu au Kilogooli. Timu zilipochanganyika, Kiswahili kikawa lugha ya vita, na maneno yakazaliwa humo humo: kikosi kinachojificha mlimani ni "askari wa kona", mji usio na ulinzi ni "nyumba ya komeo la kamba". Wageni wanaojiunga huyajua ndani ya wiki.

Kuhusu mawasiliano nitasema kwa ufupi. Kila timu ina kikundi chake cha WhatsApp, na kuna kimoja cha wote. Mipango iandikwe, isitumwe kwa sauti. Sauti ya dakika nne haisikilizwi ndani ya matatu, na wiki ijayo huwezi kuitafuta ulipoahidiwa daraja. Mtu mmoja wa timu ndiye asemaye na timu nyingine; wakisema watatu, kuna siku watatoa ahadi tatu. Na seva tumeikodi nje ya nchi kwa mchango mdogo wa M-Pesa, mweka hazina akionyesha risiti kikundini kila mwezi. Basi.

Kuna sheria moja ya kiufundi ambayo nisingeanzisha mchezo wowote wa aina hii bila kuifafanua, kwa sababu ndiyo inayovunja urafiki. Katika Freeciv ya kawaida timu zote husogea ndani ya zamu moja kwa wakati mmoja. Maana yake, mtu anaweza kusogeza jeshi lake saa tatu kasoro dakika mbili, zamu ikageuka, akalisogeza tena saa tatu na dakika moja. Dakika tatu tu, hatua za siku mbili. Jirani yake aliyelala mapema anaamka bila mji. Hakuvunja sheria yoyote ya programu, na bado kila mtu anahisi kwamba ameibiwa. Wazo la kwanza la watu ni kuahidiana kwamba hawatafanya hivyo, na ahadi hiyo hudumu hadi siku ambayo mji mkuu wa mtu uko hatarini. Seva ina mpangilio wa kulizuia: unaweka muda wa lazima wa kupumzika kwa kikosi kati ya zamu moja na inayofuata. Sisi tumeweka saa kumi. Kikosi kilichosogezwa saa mbili na dakika hamsini na tano usiku hakitikisiki tena mpaka saa kumi na mbili na dakika hamsini na tano asubuhi. Hapo aliyelala amekwisha kuamka. Tangu tuiweke, ugomvi wa usiku umeisha, na mimi napata usingizi.

Sasa nirudi kwa makaimu, maana ndiko moyo wangu uliko.

Freeciv ina amri ya kukabidhi nchi. Unaandika jina la mtu unayemwamini, na kuanzia hapo anaweza kuingia kwa jina lake mwenyewe, akashika usukani wa nchi yako, bila kuijua nywila yako. Ukirudi, nchi inarudi mikononi mwako. Ni amri ndogo, na wachezaji wengi hucheza miaka bila kuijua. Sisi tunaitumia kila wiki. Lakini kukabidhi kwa amri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwachia kaimu maneno ya kumwongoza, na hili nililijifunza kwa Mwalimu wa Luanda.

Mwalimu huyu ana daftari la hesabu, lile la miraba. Kila mraba wa daftari ni mraba wa ramani. Miji yake ameichora kwa penseli, mipaka kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, na pembeni kuna mistari midogo ya anachojenga kila mji na anachokusudia kujenga baadaye. Mwaka aliokwenda kusahihisha mitihani, mchezo ulikuwa umevuka muda wake na vita vilikuwa vimekolea. Aliikabidhi nchi kwa dada mmoja wa timu yake, muuguzi wa Kakamega anayefanya kazi usiku wiki moja na mchana wiki inayofuata. Kabla ya kupanda gari alipiga picha kurasa mbili za daftari akamtumia. Niliziona baadaye. Juu ya ukurasa wa pili aliandika: "Usiguse mashua. Dhahabu 300 ni ya ukuta, hata timu ikiomba. Ukiona manati, nunua."

Manati, yaani mitambo ya kurushia mawe, yalikuja. Siku hiyo jirani wa kaskazini alisogeza manati na tembo hadi mraba unaopakana na mji mkuu wa Mwalimu, nguvu zao za kutembea zikaishia hapo. Kesho yake wangepiga. Dada alikuwa kazini. Alipopata mapumziko, saa mbili na nusu hivi, aliingia kwa simu kupitia kompyuta ya nyumbani ambayo mdogo wake alimwachia imewashwa, akaona, akafungua mji, akabadilisha ujenzi kutoka hekalu kuwa ukuta na kulipia kwa ile dhahabu. Katika Freeciv unacholipia hukamilika zamu ikigeuka, si hapo hapo. Saa tatu ilipofika ukuta ukasimama, na ulinzi wa mji dhidi ya majeshi ya nchi kavu ukaongezeka maradufu. Asubuhi adui alipiga mara mbili, akapoteza manati yote mawili, akarudisha tembo.

Kikundini timu yake ilikuwa imekwisha kulia. Nahodha aliandika saa moja jioni kwamba mji umekwenda, wajipange kwa ulinzi wa pwani. Hakujua kwamba kaimu yuko, na kaimu hakuwa na nafasi ya kujibu kwa sababu alikuwa na wagonjwa. Aliporudi hewani saa kumi na mbili asubuhi aliandika sentensi moja: "Mwalimu, nyumba yako iko sawa." Mzee mmoja wa Nakuru, wa timu pinzani, akamjibu: "Dada, heshima yako."

Nimelifikiria tukio hilo sana. Dada alifanya kazi ya dakika kumi, na kilichozifanya dakika kumi zitoshe ni picha mbili za daftari. Kaimu asiye na maelekezo hutumia mapumziko yake yote kuielewa nchi ya mwenzake: huyu askari kwa nini yuko hapa, dhahabu hii ni ya nini, kuna mkataba na nani. Ndiyo maana sasa kila mchezaji wetu anaweka ukurasa mmoja kwenye kikundi cha timu na kuufanyia marekebisho kila Jumapili, zamu ndefu ikikaribia kuisha. Uwe na mambo matatu tu: kisichoguswa, kinachosubiriwa, na adui anayetazamwa. Pia tunawaomba watu wajaze orodha ndefu ya ujenzi katika kila mji, ili hata kaimu asipoingia siku mbili, miji iendelee na kazi iliyokusudiwa na mwenyewe.

Ukurasa huo umetusaidia pia kwenye mikataba. Freeciv ina usitishaji wa mapigano unaodumu zamu 16. Zikiisha bila kufikia amani, vita vinarudi vyenyewe. Kwetu zamu 16 ni karibu wiki tatu, muda wa kutosha kusahau kabisa. Timu moja iliweka tarehe hizo kwenye kalenda ya ukutani iliyotolewa na duka la vifaa vya ujenzi, mduara kwa kila mkataba, na mke wa nahodha ndiye aliyekuwa akimkumbusha. Timu nyingine iliachia kumbukumbu kichwani mwa mtu mmoja. Alipougua malaria, mkataba wao ulikwisha Jumatano, na Alhamisi mchana walikuwa na mashua za adui kwenye ghuba.

Kuna jambo ambalo halimo katika programu, na nalisema kwa kila timu mpya kabla ya zamu ya kwanza. Mchezo huu una usaliti. Mtu atakuahidi amani na atakuvamia. Hiyo ni haki yake ndani ya ramani. Lakini hakuna timu itakayojiita kwa jina la kabila, hakuna mji utakaopewa jina la mwanasiasa, na matusi ya ukoo yakitokea hata mara moja, aliyetukana anatoka na kaimu wake anachukua nchi. Baadhi yetu tulikuwa Kisumu na Nakuru mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Tuliona majirani wakigawanywa. Kijana wa miaka 20 anayejiunga leo hakumbuki, na simlaumu, lakini mimi nakumbuka, na sitasimamia ukumbi unaozoesha watu kugawanyika hivyo, hata kwa mzaha. Sheria hii haijawahi kupunguza ukali wa vita. Nimeona watu wakipangiana mashambulizi ya kutisha na Jumamosi wakachangiana pesa za jeneza.

Mwisho wa mchezo nao una utaratibu. Tunaruhusu ushindi wa pamoja wa timu, na timu iliyobanwa inaweza kukubali kushindwa kwa kura ya wanachama wake wote. Nahodha hana mamlaka ya kukubali peke yake. Hakuna sababu ya kuwalazimisha watu wacheze mwezi mzima wakingoja kumalizwa. Mchezo ukiisha, naweka wazi faili zilizohifadhiwa za kila zamu, na kila mtu anaona kilichokuwa nyuma ya ukungu unaoficha ramani wakati wa mchezo. Hapo ndipo mazungumzo matamu kabisa hutokea. Mvamizi anagundua kwamba mji aliouogopa ulikuwa na askari mmoja. Mwenye mji anaeleza jinsi alivyokosa usingizi. Safari iliyopita tulikutana Dunga, ufukweni hapa Kisumu, wale tulioweza kufika, tukala samaki, na Mwalimu akaja na daftari lake. Yule jirani wa kaskazini alilishika kwa muda mrefu, akifungua ukurasa kwa ukurasa, akitafuta mahali manati yake yalipoandikwa.

Mchezo ujao unaanza Mei. Msimamizi atakuwa yule dada wa Kakamega, nimeshampa funguo za seva na orodha ya wanaoomba kujiunga, na tayari ameirudisha kwangu ikiwa na alama nyekundu kwenye majina manne yasiyo na kaimu, langu likiwa la tatu. Jana nimempata mtu wa Kitale.